Katikati ya Upepo Hakuna Mtu

Kawangware, Jumapili jioni, Machi 16

Dani,

Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo Auntie Pamela amesema yabaki ndani ya nyumba. Sijui nyanya aliyelala nyumbani karibu na ziwa husalimiwa vipi na mjukuu wake aliye Nairobi, kwa hivyo naanza tu.

Sikai tena Gatwekera, kule Kibera. Tuliporudi kutoka kukuzika, Auntie alinichukua nikaja kwake huku Kawangware. Ni chumba kimoja cha mawe, na kuta zake hazitetemeki mtu akifunga mlango. Shule ni ile ile ya Kibera, ninatembea. Kanisa pia ni lile lile, kwa sababu Auntie hataki kuhama. Darasani nimepewa jina. "Niaje, Kimbunga!" ndivyo wanavyonisalimia. "Wee, usikae karibu na huyo, utapeperushwa!" Wanacheka, nami nafungua kitabu.

Watu wanasimulia vibaya jinsi ulivyokufa. Wacha niandike nilivyoona.

Ulikuwa umekaa nyuma, pale pako karibu na mlango, ukilinda sufuria ya chai ya baada ya ibada. Nje kulikuwa na jua na vumbi. Kalausi, ule upepo wa kuzunguka, ilianzia uwanjani, ikaokota makaratasi ya nailoni, ikanenepa, ikaja. Ukiwa hai ulikuwa ukiniambia, "Kalausi ni upepo wenye haraka, upishe njia," huku wenzako wakiutemea mate na kusema umebeba pepo. Lakini huu haukuwa wa kupishwa. Mabati yalianza kunguruma.

Unajua desturi ya kanisa letu: mtu akiombewa, mlango hufunguliwa ili kinachomtoka kipate njia. Kwa hivyo Nabii wetu aliposhika maikrofoni na kulia, "Fungueni milango! Pepo apite, asipate pa kukaa!" hakuna aliyeshangaa. Mama Otis, aliyekaa pembeni, akafungua mlango wa kando. Wa nyuma nao ukafunguliwa. Ndipo wewe ukasimama, ukaushika ule wa nyuma kwa mikono miwili ukauvuta.

"Mama, wacha mlango!" Nabii akaamuru.

Hukuuacha. Uliufunga. Ule wa kando ulibaki wazi, na upepo ukaingia kupitia huo. Paa liliinuka kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Lilipoanguka, boriti ilikupata wewe. Wengine walichanwa mikono na mabati, wakashonwa, wakarudi nyumbani.

Dani, tangu siku hiyo nina kinyaa ambacho hakiishi. Huzuni ningeiweza. Hiki siwezi.

Kwenye matanga Nabii alikuja na viatu vyeupe, akauliza firigisi iko wapi. Tulichinja kuku wako wawili, wale uliokuwa ukiwaita kwa majina. Akala firigisi, akanyonya vidole kimoja kimoja, kisha akasimama na midomo yake ikingali inang'aa mafuta. Alisema, "Upepo ulipita kwa watu wengi. Ukachagua mmoja. Mjiulize kwa nini." Watu wakajibu amina. Watu waliokunywa chai yako miaka yote.

Halafu kuna ule udongo. Alichota udongo wa mahali ulipoangukia, akautia kwenye beseni, akauchanganya na mafuta, akauita mchanga wa ushindi. Anawapaka watu kwenye paji la uso. Auntie alirudi nyumbani amepakwa, akanipakulia ugali na sukuma, akakaa mbele yangu na ile alama. Nilisukuma sahani kando. Nilikuwa nikijiambia, huyo ni Dani aliye usoni pake. Tulikupigia magoti na sabuni pale chini, mimi na mama wa jirani, na bado damu yako haikutoka yote. Sasa wanajipaka.

Kisha likaja jambo lenyewe. Nabii alimwambia Auntie kwamba nyumba yetu haijasafishwa. Auntie hataruhusiwa kurudi kwenye kwaya mpaka mimi nisimame mbele ya kanisa niseme: "Nyanya yangu aliasi. Mimi siasi."

Auntie aliniomba kwa upole, akinisuka nywele. "Sema tu, nyathina, mwanangu. Maneno hayamuumizi mtu aliyekufa."

Niliinamisha kichwa aendelee kusuka. Nilihofia kwamba labda ni kweli. Labda uliasi, labda upepo una macho.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa Jiografia alileta laptopu yake, tukajazana mbele yake mpaka wengine wakapanda juu ya madawati. Alituonyesha tornado ya Marekani, ule upepo wa kuzunguka unaoshuka kutoka winguni na kung'oa nyumba. Picha zilipigwa na droni, ile ndege ndogo isiyo na mtu, iliyosogezwa karibu nao kabisa. Nilitaka kutoka nje. Lakini nilibaki, kwa ajili yako.

Ukiwa mbali, Dani, tornado ni kitu kimoja, kama mkonga wa tembo. Droni ilipokaribia, ule mkonga ulifumuka. Si mmoja. Ndani mna vizunguko vidogo vingi, vyembamba, vinavyokimbizana kuzunguka kile kikubwa, kama nyuzi za kamba inayosokotwa. Kimoja kinazaliwa, kinapita juu ya nyumba, kinakufa. Kwa hivyo nyumba moja inakuwa kuni na ya jirani inabaki na nguo zake kwenye kamba. Hakuna aliyechaguliwa. Ni pale tu uzi ulipopita.

Na chini kabisa tuliona vumbi likitambaa ardhini, kutoka kila upande, likikimbilia katikati kabla ya kupanda. Upepo ule huingilia chini.

Niliangalia katikati kwa bidii. Unajua nilichokuwa nikitafuta. Nilitafuta uso, au mkono, au yule ambaye Nabii anamfukuza kila Jumapili. Kulikuwa na hewa, vumbi na mbao za ghala la mtu. Katikati hakuna mtu.

Niliinua mkono. "Mwalimu, na mtu akifungua mlango?"

Alinitazama kidogo, nadhani alikumbuka mimi ni nani. Alisema upepo wetu wa Gatwekera ulikuwa binamu mdogo wa ule, lakini paa ni paa. Upepo ukipata mlango wazi unaingia na kulisukuma kutoka ndani, na ule wa nje unalivuta juu, kama mwavuli unapogeuzwa. "Funga milango," alisema, "kaa mbali na kuta, jifunike kichwa." Nilishukuru, nikakaa, nikalia ndani ya sweta. Hakuna aliyeniita Kimbunga siku hiyo.

Leo nilisimama. Nilivaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yangu safi. Auntie alikuwa ananishika kiuno akitabasamu. Nikasema, "Nyanya yangu alifunga mlango. Paa liliinuliwa na ule uliofunguliwa. Nimeona kwenye picha za droni jinsi upepo unavyoingia, na ndani yake hakuna mtu."

Nabii alicheka kwanza. "Ati droni! Bwana asifiwe, siku hizi hata shetani anapiga selfi!" Kanisa zima likaangua kicheko, mzee mmoja akasema huyu mtoto amesoma sana, ataharibika. Nilijaribu kuendelea. Nabii akamtazama mpiga ngoma, na ngoma ikaanza. Nilisema yaliyobaki ndani ya kelele za ngoma. Auntie aliniachilia kiuno.

Sikuketi. Nilikwenda nyuma, pale pako.

Akaitwa mgonjwa mbele aombewe. Milango ikafunguliwa kama kawaida. Unajua upepo wa mchana wa mwezi huu. Makaratasi yakaanza kuruka nje, vumbi likainuka, na yale mabati mapya yakanguruma. Kila mtu alisikia. Nabii akapandisha sauti.

Mama Otis alikuwa amekaa karibu na mlango wa kando, ule ule. Alisimama, akaufunga, akauegemea kwa mgongo.

"Mlango, dada," Nabii akasema kwenye maikrofoni.

"Kuna vumbi, Nabii."

"Nimesema mlango."

"Nami nimesema kuna vumbi."

Alikuwa analia, lakini hakutoka pale. Nikaufunga wa nyuma. Hakuna aliyekuja kunizuia. Upepo ulipita juu yetu, ukagonga mabati, ukaenda zake kuelekea Lindi, mtaa wa jirani. Tukatazamana. Wengine walijifuta paji la uso kwa kiganja kana kwamba ni jasho.

Auntie hajanisemesha tangu turudi. Lakini ameniwekea chakula, na uso wake ameuosha.

Lala, Dani. Sitalitamka lile neno la kuasi, wala leo wala nikiwa mkubwa. Nikimaliza shule nitasomea hewa, na mtu akisema upepo ulikuchagua nitamketisha chini nimwonyeshe kamba ile ilivyosokotwa. Ni mimi, Akinyi wako.

Nijibu jambo moja, hata kwa ndoto, maana tangu Mama Otis aseme kuna vumbi, swali hili halinitoki. Kwangu mimi majibu yote mawili yanatosha. Uliposimama siku ile, ulijua kwamba paa litainuka, au ulikuwa unazuia tu vumbi lisiingie kwenye chai yetu?