Hesabu ya Tangi la Gitothua

Gitothua, Ruiru
Machi 1955

Kaka yangu mpendwa Githinji,

Pokea salamu zangu na za mama. Natumai huko Mombasa u mzima na kazi ya reli yaendelea. Sisi tunapumua tu. Mama anakohoa, lakini binti yako Ngendo amepona homa. Mvua bado.

Tangu serikali ituhamishie katika kijiji hiki kilichozungushiwa handaki na shule niliyokuwa nikifundisha ikafungwa, nimepewa kazi ya kuangalia pampu inayovuta maji ya mto hadi kwenye tangi letu. Wanijua, siwezi kuona kitu kinajaa na kupungua nikatulia. Nilichora kwa chaki ubavuni mwa tangi kasi ya maji yanayoingia na ya yanayotoka. Yanayotoka hubadilika: asubuhi kina mama husongamana bombani, mchana hapana mtu. Basi niliikata siku vipande vyembamba, nikakusanya maji ya kila kipande, ile integrali ya Makerere uliyokuwa ukinicheka nayo. Ukitoa yaliyotoka kwenye yaliyoingia, unajua tangi limeongezeka au limepungua kiasi gani.

Hesabu na tangi havikupatana. Kila jioni maji yalikuwa pungufu. Nilifurahi kama mtoto, nikidhani nimegundua tangi linavuja, nikamwendea mzungu anayesimamia kijiji ili alizibe kabla kiangazi hakijatumaliza. Askari wakachimba pembeni, udongo mkavu kabisa. Mzungu akasema kama tangi halivuji, basi kuna anayewapelekea maji wapiganaji walio msituni. Akanisifu kwa akili yangu.

Alfajiri iliyofuata, kabla ya saa ya kuruhusiwa kutoka nje, askari walimkamata mwanamke bombani na kibuyu kimoja. Alieleza kwamba mtoto anachemka kwa homa na nyumbani hamna hata tone. Hawakumsikiliza. Lori lilimchukua kuelekea Thika. Nimeuliza huko, nimeuliza Ruiru, kote nafukuzwa.

Kaka, mwanamke huyo ni Magdalene, mkeo.

Baada ya yeye kuchukuliwa, maji yaliendelea kupungua vilevile. Ndipo nikashinda mtoni kutwa, nikaona pampu ikipata moto mchana huishiwa nguvu, ikawa inatema maji kidogo kidogo. Mimi niliipima asubuhi tu, nikazidisha kwa saa zote, kana kwamba kasi yake haibadiliki. Hakuna maji yaliyopotea. Nilimweleza mzungu kosa langu, akasema kesi imekwisha, akaamuru chaki ifutwe.

Najichukia, kaka. Kibuyu kilibaki bombani. Jana nilikijaza mtoni nikakimimina tangini, nikatazama usawa wa maji. Haukusogea hata kidogo.

Mama anakusalimu, hajui hesabu ilikuwa ya nani. Ngendo analala kwangu, na ni mkono wangu anaoushika akiuliza mama yake atarudi lini. Ukiona vyema usinijibu, sitalalamika.

Ni mimi mdogo wako,
Kagwe