Pole ya Mwalimu wa Vyuma

Shikamoo Mama,

Hapa mtaani Kamwokya mvua hunyesha kila alasiri, nami nikitoka kazini najikinga kwenye jimu moja ya mabati na kunyanyua vyuma. Usishtuke, wanawake tuko wengi.

Mwalimu wetu, Musoke, ni Mganda, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Kila nikiinua chuma husema, "Pole, nyabo," yaani bibie kwa Kiganda. Nikadhani ananihurumia. Namjibu, "Nishapoa," kisha naongeza kasi asije akaniona mdekaji. Wiki mbili tulikwenda hivyo, hadi jana bega la kulia likakataa hata kuvaa blauzi. Nilipomwonyesha, alishika kiuno.

"Mimi naambia wewe pole, pole, wewe nakimbia tu! Chuma si mbio!"

Kumbe kwake pole ni moja tu, ile ya taratibu. Alinikanda kwa kitambaa cha maji moto, akanipa vyuma vidogo vya wanaoanza. Maumivu yanapungua. Wewe nawe ile ndoo ya maji mwachie kaka aibebe, mgongo wako si wa kuchezea.

Nimekumbuka siku niliyoondoka nyumbani nimenuna. Uliniambia mlangoni, "Pole, mwanangu," nami nikajibu, "Nishapoa," bila kugeuka. Ilikuwa pole ipi, Mama? Kama ni hii ya Musoke, sikuisikia. Niambie tena.

Mwanao,
Wakio