Lita Moja Mikononi mwa Mama

Chumba cha juu,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Ni mimi mpwa wako, yule uliyezoea kusema mdomo wake hauna breki. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na baridi ya huko imepunguza ukali. Mkazamjomba anaendeleaje na kazi yake ya hospitali? Na binamu zangu, bado wanaongea Kiswahili, au siku hizi wanakijibu kwa kutikisa kichwa tu? Sisi hatujambo. Baba anakohoa kidogo lakini anakula vizuri, na nyumbani kwetu anayekula vizuri haulizwi mengi. Mama ni mzima wa mwili.

Nimeandika "wa mwili" makusudi, maana unajua na mimi najua. Ulipokuja likizo ulijaza gari la kukodi pale kituoni anaposimamia Mama, ukateremka nalo hadi mji wa bandari, ukakuta kule lita ni rahisi kuliko kwetu. Uliporudi, mezani, mbele ya ukoo mzima, ukamwita dada yako mwizi mwenye sare. Ukacheka. Wengi tulicheka, nami nikiwemo. Mama akainuka akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula cha watu. Tangu siku hiyo simu yako ikiita anaitazama mpaka inyamaze, nawe baadaye ukachoka kupiga. Huu ni mwezi wa tano.

Sikuandikii kukulaumu. Mimi nafundisha hesabu, na nilikuwa nawaza kama wewe: mafuta ni yale yale, kwa nini bei iwe mbili? Basi shule zilipofungwa, mfanyakazi mmoja wa pampu akavunjika mkono, nikamwomba Mama nishike nafasi yake kwa wiki mbili. Alinitazama kuanzia viatu, akaniambia nivue hereni.

Mjomba, yule mwanamke simjui. Nimelelewa naye, nimekula mkononi mwake miaka yote hii, kumbe simjui. Lori la mafuta likifika, dereva haruhusiwi kufungua hata koki moja kabla Mama hajapanda juu mwenyewe, sketi kaifunga vizuri, kuangalia kama lakiri ya mfuniko haijavunjwa na kutumbukiza ufito wa kupimia. Anaupaka dawa fulani mwishoni inayogeuka rangi ikigusa maji. Kisha anashuka, anapima tangi letu la chini, anasubiri mafuta yatulie, anapima tena. Dereva alimwambia hapotezewi muda hivi kituo kingine chochote. Mama akamletea kiti.

Sasa nikueleze kuhusu ile chupa. Ofisini kwake, juu ya kabati la vocha, kuna chupa ya lita moja inayoonyesha ndani, ameizungushia utepe wa rangi ngazi kwa ngazi. Sehemu kubwa ya chini ni mafuta ghafi na kuyasafisha kiwandani. Bei yake hupangwa mbali sana, kwa dola, na huko wakigombana au wakipunguza kuchimba, sisi tunasikia hapa. Fedha yetu ikishuka mbele ya dola, utepe huo unapanda hata kama huko nje hakuna kilichobadilika. Unaofuata ni meli, bima na bandari. Kisha kodi na ushuru, utepe mwekundu, mnene kweli kweli. Juu yake ni lori. Na pale shingoni, upana wa kidole, ndipo penye kituo: mishahara, umeme, pampu zinazoharibika na mafuta yanayopotea kwa jua.

Nikamuuliza basi kule bandarini inakuwaje. Akaweka kidole kwenye utepe wa lori. Kule lori linatembea dakika ishirini. Kuja kwetu linapanda milima siku mbili na kurudi tupu, na safari tupu nayo inalipiwa. Isitoshe, wao wanauza kwa saa moja tunachouza sisi kutwa, kwa hiyo hata kidole chao kinaweza kuwa chembamba na wakaishi. Alisema hayo huku anafuta kaunta, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Niliona haya, Mjomba. Somo ninalolisimamia darasani lilikuwa juu ya kabati la mama yangu.

Jumanne ya wiki iliyopita ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Saa sita mchana redio ilitangaza bei mpya, juu, kuanzia kesho yake asubuhi. Haikufika nusu saa, kituo cha ng'ambo ya barabara kikaweka pipa langoni na kipande cha boksi: Mafuta Yamekwisha. Asubuhi ile ile nililiona lori likiwamwagia kwa macho yangu haya mawili! Pikipiki zote zikahamia kwetu, na teksi, na gari la shule.

Bosi wake Mama akapiga simu: funga pampu mpaka kesho. Mama hakumbishia kwa jeuri. Alikiri kuwa shehena ijayo itanunuliwa ghali na kwamba bosi ana haki ya kuihofia. Lakini akamwambia mafuta yaliyo tangini yalikuja Jumamosi kwa bei ya Jumamosi, na kwamba bei iliposhuka mwezi wa pili waliuza kwa hasara bila kumwomba mteja yeyote asubiri. "Ukitaka kufunga, njoo ufunge mwenyewe," akasema, "mimi nina foleni." Akakata simu. Akarudi pampuni.

Tukauza. Kila chombo kijae tangi lake, lakini madumu akayakataa yote, maana wenye madumu ni wale watakaokuja kuyauza vichochoroni. Hapo ndipo mwendesha pikipiki mmoja, mrefu, mwenye koti la mvua juani, alipopandisha hasira kwa kukataliwa dumu lake. Akapiga kelele kuwa bei zinapanda kwa sababu yetu, sisi wezi wenye sare.

Neno lako lile lile, Mjomba. Nilimwona Mama akilipokea usoni. Nilidhani atamfukuza. Akanituma chupa. Akasimama kati ya pampu mbili na kumwonyesha utepe mmoja mmoja, foleni nzima shingo nje, na yule kijana akauliza hili, akabisha lile, akauliza tena. Mwisho akacheka, akasema basi hata kidole chenyewe hamkifaidi. Akajaza tangi, akaondoka na dumu lake tupu.

Tangi letu lilikauka saa kumi na moja jioni. Mama alikwenda nyumbani akijua huenda asubuhi hana kazi, akatupikia na kumkemea Baba kuhusu kikohozi kama kawaida. Kesho yake, lori jipya lilipokwisha kushusha, bosi akaja. Akaona foleni imetupita sisi hadi kwenye kona, kwa bei mpya, na ng'ambo ya pili paka amelala kwenye lango lililofunguliwa. Aliingiza gari lake pampu ya kwanza, na Mama akamjazia, akamtoza kama mteja mwingine yeyote. Akalipa! Nampenda mwanamke yule, Mjomba, na sijui kwa nini nilihitaji kuvaa sare yake ndipo nijue.

Jioni hiyo nilimuuliza kwa nini alimweleza mtu baki aliyemtukana, na ndugu yake wa tumbo moja hakumweleza. Alikuwa anakosha mikono kwa majani ya chai, anasema yanaondoa harufu ya petroli. Akanijibu, "Yule aliniuliza. Mdogo wangu hakuniuliza." Kisha akaomba taulo.

Baba anakusalimu, na Bibi anataka picha ya goti, usimuulize ya nini. Fundi wa chini ya nyumba yetu anasema ile redio yako uliyomwachia imepona. Nisalimie mkazamjomba na binamu zangu wote.

Mama hajui kwamba nimekuandikia. Siku yake ya kupumzika ni Jumapili, na saa nne asubuhi huwa peke yake sebuleni. Safari hii atapokea, maana simu nitaishika mimi kwanza kisha nimpe. Usianze na samahani, atakudhihaki. Muulize tu lita moja leo ni bei gani na kwa nini, halafu, Mjomba wangu, nakuomba usimkatize mpaka afike shingoni mwa chupa.

Mungu akulinde njiani na kazini, na atukutanishe tena sote kwenye meza ile.

Mpwa wako akupendaye, na aliyecheka siku ile,

Mwalimu