Kwa Baba Vene, Aliyenifanya Kichaa Kitabuni

Baba Vene,

Nilianza na "mpendwa" kama barua zinavyoanza, kisha nikalifuta neno hilo kwa kifutio cha darasani mpaka karatasi ikatoboka. Salamu utazipata mwishoni, kama zitakuwa zimebaki.

Kitabu chako kimefika Sumbawanga. Ulimtumia binti yetu kwa posta, na ukurasa wa kwanza ukaandika kwa mkono wako, "Kwa Veneranda, ili umjue baba yako." Mtoto wa miaka kumi na mitatu akakisoma kwa siku tatu, akawaazima wenzake. Wiki iliyofuata alirudi kutoka shuleni macho yamevimba, akasimama mlangoni na daftari zake kifuani, akaniuliza, "Mama, ni kweli uliwahi kuwa kichaa?" Wenzake walikuwa wamemtania njia nzima kutoka Kizwite, shule iliko. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, katika gazeti lile lile linalochapa maoni ya wasomaji wako. Ungenitukana sikioni tungemalizana wawili.

Maoni hayo nimeyasoma yote. Msomaji mmoja wa Tanga anasema umeijua akili ya binadamu kama daktari. Mwingine anasema alikisoma mpaka akasahau chungu jikoni. Wanashangaa umepata wapi habari za mume anayemtawala mkewe akili bila kumwinulia mkono, anaficha vitu vyake, kisha anamwambia kwa upole kwamba amesahau mwenyewe. Wanadhani umebuni. Yupo na wa Morogoro aliyeandika kwamba mwanamke yule alijitakia, mtu mwenye akili zake hawezi kuchezewa namna hiyo. Huyo nilimsoma mara mbili, na mara zote mbili nilitamani kumfikia.

Sasa nisikilize na mimi, maana mimi ni msomaji wako pia, na ndimi pekee niliyekisoma kitabu hicho kabla hujakiandika.

Unakumbuka ulivyokuja Milanzi na koti lako refu, Afisa wa Elimu ya Watu Wazima kutoka Rungwe, baridi ya milima ya Mbizi inakutoa machozi? Wanawake walikucheka, mimi nikakuletea togwa ya moto. Kisomo kilikuwa kwenye baraza ya kanisa, alasiri, baada ya watu kutoka shamba. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikawa nakusaidia kuwashika mikono akina mama waandike "a". Uliniambia nina mkono wa ualimu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno zuri kama lile, na sitajifanya leo kwamba sikulipenda. Nilikupenda, Baba Vene. Nilikupenda mpaka nikaamini maneno yako kuliko macho yangu, na hapo ndipo uliponipatia.

Kwanza ilipotea rozari aliyonipa mama siku ya Kipaimara. Ukaikuta kwenye debe la unga. "Mama Vene, umeanza kusahau," ulisema, ukanifuta unga mikononi. Kisha kitana, kisha ufunguo wa sanduku. Vingine vilirudi mahali pa ajabu, vingine havikurudi, na rozari yenyewe ilipotea mara ya pili. Hukuwahi kupaza sauti. "Usijichoshe," ulikuwa ukisema, "mimi nitakumbuka kwa ajili yako." Ukawaambia majirani niombewe. Ukamwambia mama yangu uzazi umenipanda kichwani, akaja na dawa za mizizi, akakaa nami wiki mbili akiniangalia nisimwangushe mtoto motoni. Nilifika mahali pa kukuuliza kama nimekwisha kula. Nakuuliza, nawe unafikiri kidogo, ndipo unanijibu.

Barua ya chuo cha ualimu ilipokuja niliisoma mara tano na kuiweka chini kabisa ya vitenge vyangu. Siku ya tatu haikuwapo. Tulitafuta wote wawili, wewe ukipindua magodoro kuliko mimi, kisha ukanikalisha kitandani. "Hapakuja barua yoyote, mke wangu. Umeiota." Nami nikakubali. Nataka wasomaji wako walijue hilo, hasa yule wa Morogoro. Nilikubali nikiwa na akili zangu timamu, kwa sababu aliyeniambia ni mtu niliyempikia.

Kitabuni mambo yanaishia hivi. Mume anavizika vitu vya mkewe ndani ya matuta nyuma ya nyumba, "vikakaa humo miaka kumi, na ardhi haikusema," mke anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mume analia kwenye kituo cha basi, na wasomaji wa Tanga wanalia naye. Mimi ukurasa huo nilicheka kwa sauti. Vene alikuja mbio kutoka jikoni akidhani sasa ni kweli nimerukwa.

Maana nilikuona, Baba Vene. Wote tulikuona. Mwezi ule wa kulima ntumba, nyasi zikiwa zimefika kiunoni, ulishika jembe kwa mara ya kwanza tangu uoe. Tulikuwa tunakata majani na kuyafunika kwa udongo, ndiyo ntumba yenyewe, matuta ya duara kama tunavyofanya Wafipa wote, nawe ukajitolea kufanya matatu peke yako, pale ukingoni karibu na nyumba. Wanawake wa nyumba kumi walikupigia vigelegele. "Ndugu Afisa kashika jembe!" Mimi nilisimama na mtoto mgongoni nikajiona mwenye bahati, nimepata mume anayenihurumia.

Kwenu Rungwe mgomba ukipandwa unakaa, unaachia watoto wake, hapana anayeufukua. Nadhani ulidhani na tuta ni hivyo. Miaka mitatu uliishi na watu wanaolima, ukawafundisha kuandika neno "kilimo" ubaoni, na hukuwahi kuuliza tuta ni la nini.

Mvua za kwanza ziliponyesha wewe ulikuwa Laela kwenye semina. Wenzangu wakaja na majembe, kazi ya kupokezana, leo kwangu kesho kwa mwingine, tubomoe matuta tutawanye udongo tumwage ulezi. Majani yalikuwa yameoza vizuri, udongo mweusi. Mama Kasiano, jirani yetu yule mrefu asiyejua kunong'ona, alikuwa kwenye matuta yako matatu. Jembe likagonga bati.

"Nani kazika kopo la maziwa ya mtoto?" akauliza. Akalifungua kwa jino la jembe. "We Mama Vene, njoo. Hiki si ndicho kitana chako? Na rozari! Mtu anazika rozari kama maiti?"

Barua ilikuwa humo, ndani ya mfuko wa nailoni, kavu, jina langu juu yake. Niliisoma mara ya sita, nimepiga magoti kwenye udongo, sikulia. Unajua nilihisi nini? Nilihisi njaa. Nilikuwa sijasikia njaa yangu mwenyewe kwa miezi mingi.

Uliporudi nilikuandalia ugali wa ulezi na maharage, nikavipanga vitu vyangu mezani kandokando ya sahani. Uliviangalia, na hata siku ile, kwa sauti ile ile ya upole, ulisema, "Umeona sasa? Safari hii ulikuwa umeviweka wapi?" Hukuwa umewaona akina mama waliokaa kwenye mkeka nyuma ya mlango. Ni Mama Kasiano aliyekujibu.

"Uliviweka wewe, Ndugu Afisa. Lile tuta tulilokupigia vigelegele."

Hukumaliza chakula. Kabla ya Jumapili ulikuwa umepanda lori la kwenda Mbeya, ukasema umehamishwa. Nafasi yangu chuoni ilikuwa imepita. Niliomba tena, nikakaa miaka miwili nikisubiri, nikaipata. Miaka hiyo miwili ni yangu, uliichukua wewe, na sitakusamehe hata siku moja yake. Nikiulizwa na padre nitamwambia hivyo hivyo.

Sasa ninafundisha kisomo pale pale kwenye baraza ya kanisa. Vene aliponiuliza swali lile sikumjibu. Nilichukua kitabu chako nikakisoma darasani kwa sauti, alasiri baada ya alasiri, mwanzo mpaka mwisho, na mtoto nikamkalisha mbele. Sikusema ni cha nani wala kinahusu nani. Nilipomaliza niliwaambia wanakisomo kila mmoja aandike maoni yake, kama wanavyoandika wasomaji wa gazeti. Wengi waliandika kwamba mume yule afungwe. Mmoja aliandika kwamba kitabu ni kirefu.

Mama Kasiano amejua kusoma mwaka huu. Ana miaka yake sitini na kitu, anaibana penseli kana kwamba itamtoroka. Aliandika alasiri nzima, wenzake wakaondoka, yeye amebaki anaandika. Alipomaliza nilimpa Vene asome kwa sauti, nami nakunakilia maoni yake kama yalivyo, uyabandike pamoja na yale ya Tanga:

"Tuta halikai miaka kumi. Mvua ikija tunabomoa. Kopo nililitoa mimi kwa jembe langu. Mke hakuwa kichaa. Mwandishi hajui kulima."

Vene alisoma mpaka mwisho, akanitazama, akarudi kwenye mstari wa tatu akausoma tena polepole. Nikalitoa kopo kwenye mkoba wangu nikamwekea mezani. Alilifungua mwenyewe, akatoa rozari ya bibi yake, akaivaa shingoni. Njia nzima ya kurudi nyumbani alinishika mkono, msichana mkubwa yule.

Nasikia wanakualika Sumbawanga uje uzungumze na wasomaji. Njoo. Nimewaomba wakupangie mwezi wa kwanza wa mvua, alasiri, kwenye baraza unayoijua. Kopo litakuwa juu ya meza, na Mama Kasiano atakaa mbele, ana maswali yake ameyaandika mwenyewe. Kitabu chako tutakurudishia. Binti yako amefuta maneno uliyomwandikia ukurasa wa kwanza, naye karatasi imemtobokea pale pale.

Salamu hazikubaki.

Ni mimi, mke wa kwenye kitabu chako, ambaye hakupelekwa popote,

Mama Vene
Milanzi