Moshi wa Nyaya na Mtoto Tunayemtafuta

Njiru, Nairobi
Juni 14, 2025

Mpendwa wifi Clare,

Salamu tele kutoka kwetu. Doha inasemaje na hilo joto lake? Mgongo wako umepona, au bado wanakubebesha mizigo peke yako? Tueleze ukweli, usitufiche. Sisi afya ipo, ila mimi situlii. Nimeanza barua hii, nikaenda kufua, nikarudi, nikainuka tena kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa. Simu ningepiga, lakini nikianza kulia na wewe utalia, na hatutaelewana. Jirani yetu Tiffany anasafiri kuja huko Alhamisi, atakuletea barua hii.

Wifi, nilienda kliniki. Unajua tumekaa miaka bila mtoto, na unajua mama yenu anavyonitazama tumboni kabla hajanisalimia. Daktari, dada mmoja mpole anaitwa Ilwad, alinipima damu akaniambia mayai yangu yamebaki machache kuliko ya mwanamke wa umri wangu. Kisha akaniuliza kama nakaa karibu na moshi. Nikamwambia ukweli wote.

Kazi ya ndugu yako unaijua. Anakusanya nyaya kuukuu, tunazichoma nyuma ya nyumba plastiki iishe, tunauza shaba. Yeye akienda kutafuta nyingine, mimi ndiye nazigeuza motoni. Nguo zake nafua mimi, na maji hutoka meusi tii.

Daktari alinieleza polepole. Ndani ya seli za ovari kuna kipokezi, kazi yake ni kama pua, kunusa kemikali. Kikiwa sawa, husaidia mayai kukua. Lakini moshi wa plastiki una kemikali zinazokishika na kukivuruga, na mayai yanaweza kufa kabla ya wakati wake. Nikamwuliza, kwa hivyo ni sisi? Akasema hawezi kuapa, wengine huwa hivyo bila moshi wowote, na mengi yamejaribiwa kwa panya tu. Ila niukimbie moshi, na tusikawie kutafuta mtoto. Hilo la kutokawia alilirudia.

Sasa sikia vituko. Mama naye alikuwa amepanga kuja Jumamosi na mama mmoja wa dawa za kienyeji, nifunikwe blanketi juu ya makaa na majani, nifukizwe mpaka tumbo lifunguke. Moshi tena! Aki wifi, nilitaka kucheka na kupiga nduru kwa pamoja.

Ikabidi nimwambie Ondiek. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua ndoo akaumwagia maji ule moto wa nyaya nyuma ya nyumba. Baadaye akampigia mama mbele yangu: "Mama, huyo mtu wa dawa asije. Kosa ni langu, si la Phelister." Mama alikata simu. Tangu hapo ndugu yako anazimenya nyaya kwa kisu, vidole vimejaa plasta, na shaba inayopatikana ni kidogo sana. Hilo nitalivumilia.

Lisilovumilika ni hili. Ameshika kichwani kwamba ule moshi umemwingia mwilini na akinigusa ataniharibia yale mayai machache yaliyobaki. Anaoga mara tatu. Amehamishia blanketi lake kwenye kochi. Nimemwambia kwamba daktari hakusema hivyo, anaitikia tu, "Sawa, mama," na habanduki. Nina hasira naye, wifi, na ninampenda, na siku zinakwenda.

Wewe ni dada yake mkubwa, wewe pekee ndiye hawezi kukujibu vibaya. Mpigie.

Nisalimie Adhiambo na rafiki zako wote wa huko. Sylvance na watoto wake wanakuulizia kila Jumapili. Mungu akutunze kazini na akurudishe ukiwa mzima.

Na ukimpata Ondiek kwenye simu, usimzungushe kwa habari za panya na vipokezi. Mwambie tu mtoto hatafutwi kwenye kochi.

Wifi yako akupendaye sana,
Phelister