Fahali Anayerudi Nyuma

Shivachi, ndugu yangu,

Usinikasirikie kwa kukaa kimya tangu wakusafirishe. Nilitaka nikuandikie nikiwa na jibu, na unajua ni la swali gani. Kwa hiyo kaa vizuri huko uliko, na usinikatize, maana tabia hiyo ulikuwa nayo.

Habari za huku kwanza. Chumba chetu cha Al-Suwaidi kipo vilevile ulivyokiacha kafili wako, yule mwajiri uliyemwendeshea gari, alipohamia Jeddah akakubeba pamoja na gari lake. Kitanda chako analala Karim, yule mpishi Mbangladeshi. Anakoroma, lakini hakufikii. Mimi bado mlinzi kwenye jengo lile la ofisi Olaya. Ila nimekonda. Tangu dereva mwenzako wa Al-Rawdah aliponipigia kwamba umeanguka kando ya gari na moyo umesimama, chakula hakishuki. Karim akipika ule wali wa nyama, kabsa, naonja, nasukuma sahani. Suruali ya kazi naifunga kwa kamba ya kiatu. Supavaiza anadhani niko dayati.

Sasa tuje kwa mpwa wako Brayo.

Unakumbuka dada yako Rose alivyotutumia ile video kutoka Marekani? Mwanawe anacheza mpira wa chuo, ule wao wa kubeba mikononi, na kofia ngumu kichwani kama mtu wa bodaboda. Rose akasema kila mwaka timu za kulipwa zinakaa chini na kuchagua vijana wa vyuo kwa zamu, na huenda Brayo akachaguliwa. Mimi Mkamba niliona watu wanaangukiana tu. Lakini wewe, mtoto wa Isukha uliyekulia kwenye viwanja vya kupiganisha mafahali, ulishika simu kwa mikono miwili ukasema, "Mutiso, hii kitu naijua."

Basi ukampima kijana wa watu kama fahali. Shingo, nzuri. Macho, yametulia. Hasira, anayo ila anaificha kama mtu wa kwaya. Ukamwambia Rose ampige picha kutoka nyuma uone mapaja. Ukashauri apewe pombe ya busaa kidogo kabla ya mechi, na dada yako, mwanamke wa maombi yule, akakata simu. Karim naye, kwa kusikia fahali, fahali kila siku, akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza kama huyo mnyama atakuwa tayari kwa Idd.

Kipimo cha mwisho ulisema hakionekani kwenye video. Fahali akishindwa, mfuate nyumbani jioni hiyohiyo. Akila, huyo bado yupo. Akikataa nyasi, mwite mchinjaji.

Tatizo likawa moja. Kila mchezo ukianza, Brayo anarudi nyuma. Weee! Ulishika kichwa. "Fahali anayerudi nyuma ameshashindwa! Huu woga ameutoa wapi? Kwetu hakuna!" Ulipohamia Jeddah ukampigia mwenyewe, ukamkaripia kama mjomba: asimame, asirudi hata hatua moja, asiaibishe ukoo. Na mtoto aliyelelewa vizuri angefanya nini? Akatii. Mechi iliyofuata akasimama kama mlingoti wa bendera. Yule mkimbiaji ambaye Brayo alipaswa kumkaba akampita kwa mbio, akaenda kudaka mpira peke yake kule mwisho, mbele ya wale watu wa timu za kulipwa waliokuja kumpima.

Ndipo Rose akatueleza, akilia na kucheka kwa pamoja, kwamba kurudi nyuma ndiyo kazi yenyewe. Beki wa aina yake anaanza kinyumenyume huku akimtazama adui kiunoni, halafu anageuka na kumganda kama kupe. Anayejua kurudi vizuri ndiye anayetafutwa. Haki ya Mungu, tulimkaripia mtu kwa kipaji chake.

Mimi nilicheka hadi majirani wakagonga ukuta. Wewe hukucheka. Ulinitumia sauti kila siku, maneno yaleyale: "Mutiso, nimemharibia mtoto. Asipochaguliwa, ni mimi." Ukafa nalo moyoni. Hilo limeniuma kuliko hata kuona kwenye simu jeneza lako likipakiwa ndegeni.

Mazishi yako nayo niliyaona kwenye simu. Walileta mafahali kukuaga, kama inavyowafaa watu wa kwenu. Mmoja akagoma kupigana, akala shada la maua la wanakwaya. Nilijua ungempenda.

Jumamosi, siku ya mwisho ya timu kuchagua vijana, tulijaa chumbani mbele ya simu. Majina yakasomwa. Kila likisomwa Karim ananitazama, natikisa kichwa. La mwisho likawa la kijana mmoja mnene hivi, mzazi wake akaanguka kwa furaha. Halas, yamekwisha. Karim akaniuliza taratibu kwa kile Kiarabu chake, "Mafi?" yaani, hakuna? Nikamwambia, mafi. Nilihisi kama umekufa mara ya pili.

Nikampigia Rose kwa video. Nikauliza moja tu: amekula? Alidhani nimechanganyikiwa, lakini akageuza simu. Brayo alikuwa jikoni, macho mekundu, shavu limefura. "Anko Mutiso," akasema mdomo umejaa, "mama amepika matumbo na ugali." Na mkono wa pili unapakua tena!

Nikaruka juu. Nikachukua sufuria ya Karim nikaipiga kama ngoma yenu ya isukuti, nikaimba ule wimbo wenu wa kumsindikiza fahali, na pale nisipojua maneno nikatia Kikamba. Karim akadhani tumeshinda, akacheza. Tukiwa katikati ya fujo hiyo, kule jikoni kwa Rose simu ya Brayo ikalia. Timu moja inawaita walioachwa waje kambini wajaribiwe. Walimuuliza ilikuwaje siku ile akasimama kama mti. Akasema ukweli, kwamba mjomba wake alimwambia. Kocha alicheka hadi akakohoa, akasema njoo hivyohivyo, ila mjomba abaki nyumbani.

Si kuchaguliwa, nakubali. Anaenda kupigania nafasi na wanaweza kumrudisha. Lakini mlango uko wazi, na hukumharibu. Sikia vizuri, wewe mbishi: hukumharibu.

Karim akaniwekea sahani ya kabsa, imeshapoa. Nikaitazama. Nikamkumbuka yule fahali wa shada la maua, na Brayo na matumbo yake, na wewe na kipimo chako.

Shivachi, nilikula. Nilikula nikilia, nikamaliza, nikaomba na ukoko.

Nakuahidi nitamtazama Brayo kila atakapocheza, na sitampa ushauri wowote. Mkataba wangu ukiisha nitakuja Isukha, nisimame kaburini kwako, nimletee yule fahali shada lingine.

Lala salama, Mluhya wangu. Na huyo mchinjaji, mwambie asubiri.

Mutiso wako