Viatu Nilivyovitanua

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu za kaka yako, fundi viatu ambaye hajazaliwa wa kumpita. U hali gani? Shemeji na watoto hawajambo? Mgongo umetulia? Mimi nipo, nadunda. Mwandiko usiucheke, mkono huu umezoea sindano.

Tangu wanikate kipande cha pafu kilicholiwa na TB, huu mwezi wa tano. Kidonda kimefunga, kikohozi kwisha. Wenzangu wodini walitembezwa wameshikwa makwapa kama maharusi. Mimi siku ya nne nilikwenda msalani peke yangu. Nesi akafoka kwamba kichwa cha babu huyu kigumu kuliko soli. Nikamjibu soli ngumu ndiyo hudumu.

Daktari alinieleza kwamba kazi sasa iko kwa moyo. Damu iliyokuwa ikipita kwenye mapafu mawili sasa inajibana kwenye moja na kipande, na wa kuisukuma ni moyo huohuo. Ukielemewa, maji hushuka miguuni, ikavimba. Basi kila mwezi huniuliza kama viatu vinanibana. Nami humjibu havibani hata chembe. Hufurahi, akaandika kwenye faili kwamba mzee anaendelea vizuri.

Mdogo wangu, ni kweli havibani. Lakini wewe niliyelala nawe kitanda kimoja utotoni sitakuficha: nimevitanua. Kwanza nilivilowesha nikavivuta kwa kalibu kubwa, lile gogo la umbo la mguu. Kisha nikafumua ubavuni nikatia ngozi. Mwezi uliopita nikajishonea jozi ya namba kumi, mimi wa namba nane. Kazi safi, hata daktari hakuitambua. Jioni nikibonyeza mguu, kidole kinaacha shimo. Ngazi nne za dukani napumzika mara mbili, nikijifanya natazama wapita njia.

Sikuogopa kufa. Niliogopa kurudishwa kitandani, nawe ulie tena kwenye ile korido ya wodini ulikodhani sikuoni.

Alhamisi ndiyo zamu yangu kwa daktari. Nitakwenda na kandambili miguuni, vile vya namba nane nilivyovifumua mkononi, daktari ajionee. Njoo twende wote. Pale hospitali pana ngazi nyingi, nami nataka mkono wa kushika. Hili shemeji asilijue.

Wasalimie wote, wakubwa kwa wadogo. Njoo na viatu vyako vilivyochoka, nivitie soli.

Ni mimi kaka yako,
Fundi